Bi Khuloud Anastaafu, Simu Zinabaki

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kuwafundisha wasioona wa Tanga kutembea bila kushikwa mkono, Bi Khuloud Muhanad anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Uongozi wa kituo chetu cha stadi hapa Mabawa umeniomba mimi, Idarusi, mwalimu mwenzake wa somo hilohilo, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Nadhani waliona kwamba mtu aliyekaa naye chumba jirani muda wote huo atakuwa na mengi ya kusema. Ninayo. Sehemu kubwa ni wivu, na wanaotufahamu sote wawili hawatashangaa.

Bi Khuloud alizaliwa haoni, katika nyumba ya wafanyabiashara wa Ngamiani. Marehemu baba yake alikuwa na duka la vitambaa, naye binti aliujua mji kwa kutumwatumwa. Mimi nilipoteza kuona nikiwa mtu mzima, nina kazi na baiskeli. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazini yeye alitembea kama mwenye mji, nami nikatembea kama mgeni anayeogopa kuuliza. Wanafunzi waliligundua hilo upesi. Waliopangwa kwangu walikuwa wakienda ofisini kuomba wahamishiwe kwake, na walikuwa wakipita mbele ya mlango wangu kwenda kuomba.

Alimtambua kila mfanyakazi kwa mlio wa viatu. Mhasibu wetu wa zamani, ambaye hakuwa na mapenzi makubwa na saa ya kuingia kazini, alianza kuvua viatu mlangoni na kunyata. Bi Khuloud akamwambia, "Karibu, bwana mhasibu. Leo hata viatu vimechelewa." Watu walicheka kwa mwezi mzima. Mimi nilikuwa nimemsikia yule mhasibu kabla yake, ila sikufikiria cha kusema.

Lakini jambo ambalo kituo kitamkumbukia zaidi ni lile la vifaa vya kuonyesha njia. Miaka michache iliyopita mfadhili mmoja aliahidi kuwapa wahitimu wetu wote kifaa kinachosoma setilaiti na kumwambia asiyeona yuko wapi na aelekee wapi. Alituletea aina tatu tuzijaribu, akasema atanunua aina moja tu, tutakayoichagua sisi. Kazi hiyo tukapewa Bi Khuloud na mimi. Tulijua kwamba tukikosea, kizazi kizima cha wanafunzi wetu kitabeba mzigo usiofaa.

Cha kwanza kilikuwa na umbo la kipande cha sabuni, chenye vitufe vya kupapasa na ramani yake ndani. Cha pili kilivaliwa shingoni kama mkufu. Hakisemi, kinatetemeka kushoto au kulia. Cha tatu kilikuwa simu ya kawaida ya kugusa, iliyowekewa programu ya kusoma kwa sauti na ramani. Bi Khuloud alikipenda cha vitufe tangu alipokishika. Mimi niliipenda simu, na nikiri kwamba niliipenda zaidi nilipojua yeye amependa kingine.

Mjini simu ilifanya vizuri. Ilitaja maduka na ilijua barabara za Ngamiani kwa namba zake, ingawa jina la Mabawa ililitamka kama ugonjwa. Kifaa cha vitufe kilijua barabara kubwa tu. Nilirudi kituoni nikipiga mluzi. Bi Khuloud hakununa. Alisema tu kwamba simu yangu imetangaza tumefika wakati mguu wangu uko ukingoni mwa mtaro, na kwamba iliyouona mtaro ni fimbo nyeupe. Hilo alilirudia kwa kila mwanafunzi baadaye: mashine inakupeleka karibu, fimbo inakufikisha.

Muheza tulijaribu ule mkufu. Niliuvaa mimi, Bi Khuloud akifuata nyuma na kifaa chake cha vitufe. Edgar, dereva wa kituo, alikuwa ameagizwa asiseme kitu ila tukiwa hatarini. Mkufu ukanitetemesha moja kwa moja hadi katikati ya machungwa ya mama mmoja aliyeyapanga kando ya stendi. Yakatawanyika.

"Baba, hiyo njia uliyoonyeshwa ni biashara yangu," akasema yule mama.

Bi Khuloud alikuwa amekwisha kuzunguka kwa upande wa pili, kwa sababu alisikia harufu ya machungwa ikizidi. Mimi pia nilikuwa na pua. Nilichutama nikaokota, na nilipomaliza nilimkuta yeye na yule mama wakiulizana habari za nyumbani kama mashoga wa zamani.

Safari ya tatu ilikuwa Ushongo, nyumbani kwa mumewe, Bwana Sleyum. Huko hakuna lami wala mtaa wenye jina, ni vijia vya mchanga kati ya minazi, na mchanga haurudishi mwangwi wa fimbo. Tulipokuwa tukienda ufukweni, Bi Khuloud alibonyeza kifaa chake kuweka alama kila alipofika mahali pa maana: kisima, msikiti, nyumba ya shemeji yake. Wakati wa kurudi mtandao ukakatika na simu yangu ikanyamaza. Nikaigusa, nikaizima, nikaiwasha. Kifaa chake kikawa kinasema kwa sauti ndogo: msikiti, mbele kulia. Nikamshika bega, mwalimu mzima, akaniongoza hadi kwenye gari.

Usiku ule sikuandika ripoti. Nilijua atachagua kipi, na nilijua ana haki.

Wiki iliyofuata Bi Khuloud hakuonekana kazini kwa siku mbili. Tuliambiwa yuko Ushongo. Aliporudi tuliitwa kikaoni, akasimama kusoma pendekezo lake. Alipendekeza simu.

Alieleza kwamba simu ilinyamaza kwa kuwa hatukupakua ramani kabla ya kuondoka Tanga. Yeye ameipakua, amerudi Ushongo na simu peke yake, ameweka alama za kisima na msikiti, na imemrudisha. Kifaa cha vitufe ni kizuri, akasema, lakini kikiharibika itabidi kisafirishwe ng'ambo, ilhali simu hutengenezwa na fundi yeyote wa Ngamiani. Na mwanafunzi mwenye simu hamiliki kitu cha pekee cha vipofu. Ana kile alicho nacho dada yake, na dada anaweza kumsaidia.

"Ninachokipenda mimi si hoja," alimalizia. "Mwalimu Idarusi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Tulikosea maandalizi tu."

Ukumbi mzima ukampigia makofi kwa uadilifu wake. Niliyeshinda ni mimi, aliyepongezwa ni yeye. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kwa nguvu, na moyoni nilikuwa nachemka.

Simu zilikuja, wahitimu wakagawiwa. Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo sikulitarajia. Kabla ya hapo mwanafunzi aliyepotea alikuwa akimpigia Bi Khuloud. Mmoja alisema anasikia mashine ya kusaga upande wa kulia na adhana nyuma yake, naye Bi Khuloud, akiwa kitini, akamwambia pale alipo na pa kugeukia. Sasa simu yake ilikaa kimya mchana kutwa. Siku moja alikuja mlangoni kwangu.

"Idarusi, Mboni amekupigia wiki hii?"

"Hapana, Bi Khuloud."

"Wala mimi. Anaongea na yule mwanamke wa kwenye simu." Alilitamka neno mwanamke kama mtu anayemtaja mke mwenza. "Hata kusema Mabawa hajui. Mimi nimekaa na Mboni mihula miwili."

Mboni ni mhitimu wetu anayefuma masweta ya shule huko Muheza. Alikuwa mwoga kuliko wote. Miezi ya mwanzo hakuvuka hata uwanja wetu bila kushika kanzu au kanga ya mtu. Nilimfundisha mimi muhula wa kwanza, Bi Khuloud muhula wa pili na wa tatu. Nilipaswa kumfariji Bi Khuloud. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo kuona na yeye ana wa kumwonea wivu.

Siku chache baadaye nikasikia fimbo ikija kwenye korido. Ilipita mlango wangu bila kusita, ikasimama kwa jirani.

"Shikamoo, Bi Khuloud. Ni Mboni. Nimekuja mwenyewe kutoka Muheza."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Simu imenifikisha getini, ikasema nimefika, ikanyamaza. Kutoka getini mpaka hapa nimekuja kwa mafunzo yako."

Bi Khuloud akaagiza chai na mahamri kwa watu wawili. Baada ya kitambo akagonga ukuta unaotutenganisha na kuniita, akaniambia nikae, akamwambia Mboni, "Huyu ndiye aliyeichagua simu. Mshukuru." Mboni akanishukuru. Mahamri niliyokula siku ile yalikuwa ya Bi Khuloud mwenyewe. Yeye alikunywa chai tupu.

Tangu hapo alianza kuwafundisha wanafunzi fimbo na simu kwa pamoja, nami nikamsaidia. Somo hilo sasa linafundishwa kwa kila anayejiunga nasi, na wahitimu wake wanatembea peke yao kutoka Pangani hadi mpakani. Hilo ni lake. Nimejaribu mara kadhaa kulifanya letu, halikubali.

Bi Khuloud, kwa niaba ya wafanyakazi na wanafunzi wote, tunakushukuru kwa subira, kwa ukali na kwa haki yako. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya raha huko Ushongo pamoja na Bwana Sleyum. Kuhusu chumba chako usiwe na wasiwasi, nimepewa mimi. Nimehamia tangu Jumatatu, na kila mtu akiniulizia anaambiwa, "Idarusi? Yuko kwa Bi Khuloud."