Amina Aliyoingojea Fundi Pima

Ndugu waombolezaji, Marehemu, ambaye hata sisi wanawe tulimwita Fundi Pima kwa kuwa hakukata ubao kabla ya kuupima mara tatu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha akajifunza useremala, na mwaka 1974 akafungua karakana pamoja na mdogo wake wa pekee, ambaye sasa hivi amesimama pale langoni.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto wanne. Siku hizo Marehemu na mdogo wake walisali kanisa moja, na waliokoka wiki ileile.

Mwaka 1994 kanisa liligawanyika kwa sababu ya mkutano wa injili ulioandaliwa na madhehebu mbalimbali, Marehemu akabaki na wainjilisti, akisema Kristo ahubiriwe hata jukwaa likiwa la kuazima, mdogo wake akaenda na washika misingi, wanaoamini Biblia ileile na msalaba uleule, lakini hawaombi na mtu asiyejitenga na wenye mafundisho potofu. Waliendelea kuvuta msumeno mmoja, huyu huku na yule kule, ila mchana kila mmoja aliombea sahani yake, na Marehemu, kwa utani wake, aliomba kwa sauti kisha akanyamaza ghafla, akitega Amina, mdogo wake akiuma midomo. Miaka ishirini na tisa hakuipata, na ilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, mdogo wake akamwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni hadi msalani. Tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, hospitalini, Marehemu aliomba kwa sauti ya chini, akanyamaza, akamtazama, na safari hii hakuwa anatania. Mdogo wake akatoka kwenda kwenye korido kumpigia mchungaji wake aombe ruhusa ya kuitikia, simu ikaita weee bila kupokelewa, akarudi, akaisema Amina kwa nguvu, lakini daktari alikuwa ameshamfumba kaka yake macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na mafundi wenzake waliofunga kazi zao leo. Baba mdogo tumemsihi aingie ibadani, ameshindwa, wala hatumlaumu, jeneza hili amelitengeneza yeye, peke yake, akipima kila ubao mara tatu. Fundi Pima, pumzika kwa amani, pale langoni tutapita nawe polepole.