Vifuniko Viwili: Maisha ya Aron Kipyegon, Mpiga Dawa ya Kupe wa Boito

Wachungaji, wazee, akina mama, majirani na jamaa wote mliofika hapa Boito leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mimi ni Rodah, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu jinsi yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Aron Kipyegon alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 hapa hapa Boito, akaanza shule ya msingi mwaka 1977, na alikuwa mwepesi wa kujumlisha na kutoa hata mwalimu akawa anamwita mbele aonyeshe wenzake, lakini baba yetu alipofariki Agosti 1981, Aron alitolewa darasa la tano akachume majani chai pamoja na mama, na hesabu ya uwiano, ambayo watoto huifikia katika madarasa ya mbele, ikampita.

Mwaka 1994 alipata pampu ya mgongoni ya lita ishirini, akaanza kazi ya kupiga ng'ombe dawa ya kupe kutoka hapa mpaka Mogogosiek, na kipimo chake kilikuwa vifuniko viwili vya dawa kwa pampu moja ya maji, kama alivyoonyeshwa na mzee aliyemfundisha, na kwa miaka ishirini na miwili kipimo hicho hakikumwangusha, kwa kuwa dawa ilikuwa ile ile.

Tarehe 21 Desemba 1996 alifunga ndoa na Rebeccah, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa mwisho akiwa Abigael, aliyezaliwa Mei 2003.

Sasa nafika pale ambapo wengi wenu mnapajua kwa kusikia tu. Jumanne tarehe 6 Septemba 2016, Aron aliitwa Mogogosiek kwa Steve Mbuthia, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a kabla yeye hajazaliwa, na ambaye alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, naye Mbuthia akamkabidhi chupa ya dawa mpya kutoka dukani. Aron aliona kwenye karatasi iliyobandikwa chupani namba moja, nukta mbili, halafu elfu mbili, akadhani ni saa au tarehe, akatoa kifuniko chake cha zamani mfukoni, akatia viwili. Kabla ya jua kuzama ng'ombe walikuwa wanatoka mapovu, na kufikia asubuhi watatu walikuwa wamekufa.

Daktari wa mifugo, Bwana Onyiego, alisoma ile chupa mbele ya watu, akamwuliza, "Aron, hii ulipima na nini?" na ndugu yetu akajibu, "Na kifuniko, vile mimi hupima siku zote." Onyiego akasema, "Ile ya zamani ni dawa moja kwa maji mia tano. Hii ni moja kwa elfu mbili." Aron alielewa maneno, lakini maana hakuipata, na hilo ndilo lililomtesa zaidi ya macho ya watu. Siku ya tatu alimfunga kamba mtamba wake wa pekee, akatembea naye hadi kwa Mbuthia awe fidia, naye Mbuthia akampokea mnyama huyo, na hatumlaumu.

Abigael wakati huo alikuwa darasa la saba, na kitabuni walikuwa wamefika kwenye uwiano, au resho kama watoto wanavyoiita, basi Aron, mtu wa miaka arobaini na minane, alikaa jikoni kando ya mwanawe aanze upya. Alishika kwamba uji ni kikombe kimoja cha unga kwa vinne vya maji, lakini alipoambiwa atie vikombe viwili vya unga, aliongeza kimoja cha maji, vikawa vitano, akisema, "Nimeongeza moja huku, nikaongeza moja kule, si ni sawa?" Abigael hakubishana naye, aliuacha uchemke, akampa upawa na kumwambia, "Baba, jaribu kumimina." Haukumiminika. Kama unga umekuwa mara mbili, maji nayo huwa mara mbili, yawe vikombe vinane.

Kisha Aron akachukua kalamu, akajifanyia mwenyewe hesabu ya dawa. Moja kwa mia tano, katika lita ishirini, ni mililita arobaini, yaani vifuniko vyake viwili. Moja kwa elfu mbili ni mililita kumi tu, nusu kifuniko. Aliandika "mara nne", akainama, akalia, kwa sababu hadi siku hiyo alikuwa anaweza kusema ni bahati mbaya, na tangu siku hiyo hakuweza tena. Rebeccah anasema mumewe hakuwahi kurudi kuwa yule wa zamani, na watu wanaosema elimu ni mwanga hawajaona mtu ambaye mwanga ulimwonyesha kitu kimoja tu.

Alitafuta bomba la sindano lenye alama za mililita, akapita boma kwa boma akieleza jinsi anavyopima sasa, na kila boma lilimpa chai na kumwambia, "Tutakuita." Alingoja mwaka 2017, akangoja 2018, mwisho akarudi kuchuma chai, hadi mashine zilipoingia shambani na wachumaji wengi wakaambiwa wabaki nyumbani, naye akiwa mmoja wao.

Januari 2024 alianza kukohoa damu, na madaktari walikuta saratani ya mapafu, wakamwuliza kama alikuwa akivaa barakoa alipokuwa akipiga dawa, akasema hakuwahi. Kutoka kilo sabini na mbili alifika arobaini na sita, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, alituacha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Rebeccah.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wachumaji wenzake waliokuja kumwogesha na kumgeuza kitandani, Abigael aliyeacha chuo muhula mzima ili amuuguze, na Bwana Mbuthia, aliyetuma maziwa kila wiki tangu Aron alipougua. Tunawashukuru na nyinyi majirani kwa hema, kuni na machozi, lakini lazima niseme, kwa sababu nilimwahidi, kwamba kwa miaka minane ndugu yangu alijua kupima kuliko mtu yeyote katika eneo letu hili la Konoin, na hakuna boma hata moja, langu likiwemo, lililomwita.

Aron, upumzike kwa amani, ile ambayo sisi tulikunyima.