Dkt. Stefania Kasmiri, Aliyekataa Kuandika Sifuri

Baba Padri, wazazi, ndugu, majirani, na ninyi wageni mliotoka Dar es Salaam na shada lenu kubwa: wasifu huu nausoma mimi Elina, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwa upole. Nimejitahidi mpaka katikati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950 hapa Mnyuzi, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasmiri, aliyekuwa kibarua wa reli, na Mama Monika, mkulima. Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alianza kubisha kabla ya kuota meno, na sisi tuliomfuata hatukuona sababu ya kutomwamini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 hapahapa Mnyuzi. Akiwa darasa la nne, mwalimu alitoa hesabu ya wanawake watano wanaolima shamba kwa siku nne. Stefania alinyoosha mkono akauliza wanawake hao wanapikiwa na nani. Alichapwa viboko viwili na jibu hakupewa. Mwaka 1966 alijiunga na sekondari ya wasichana Korogwe, na mwaka 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uchumi. Baadaye alikwenda Uingereza kwa shahada za juu, akarudi mwaka 1989 akiwa daktari. Wanakijiji walimletea watoto wenye homa, naye akawaeleza kwamba udaktari wake ni wa uchumi wa afya, wa kupima kama tiba inawafaa watu kwa kile inachowagharimu. Mama mmoja alimwambia, "Basi angalau mshike paji la uso." Akamshika.

Tarehe 16 Aprili 1977 alifunga ndoa na Bwana Eliasi Hoza wa Old Korogwe, karani wa shamba la mkonge. Walijaliwa watoto wawili. Shemeji yetu ni mpole kupita kiasi, na wengi walimhurumia siku ya harusi. Walikosea. Ndani ya nyumba ile walicheka kuliko sisi sote tuliomhurumia.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa ndipo upole wangu unapoishia.

Mwaka 1993 chuo alikofundisha kilishirikiana na wafadhili kujaribu tiba ya kifua kikuu katika wilaya za Korogwe na Handeni. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Wengine walilazwa wodini, wengine walinywa dawa nyumbani, ndugu akiwatazama wakimeza. Kazi ya marehemu ilikuwa kupima ni njia ipi yenye gharama nafuu, kwa hospitali na kwa familia. Ilikuwa miaka ileile tulipoambiwa kila mtu achangie matibabu yake, na mashamba ya mkonge yalikuwa yakibadilisha wenyewe. Shemeji Eliasi alipunguzwa kazini mwaka huohuo.

Majibu yalipokuja, karibu kila nyumba ilikuwa imesema kuuguza hakukuigharimu chochote. Wakubwa wa mradi walifurahi. Marehemu hakulala vizuri, akarudi mwenyewe vijijini.

Kule Kwamsisi alimkuta Mzee Mbaruku amejilaza barazani, mkewe Mwaija pembeni akimpepea.

"Shikamoo, mama. Kumuuguza mzee kumekugharimu nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu. Mume wangu huyu, gharama gani tena?"

Marehemu alikunywa uji aliopewa. Mama Mwaija alipokwenda kisimani alimfuata, akamuuliza mahindi yamekuwaje mwaka ule.

"Mahindi yapi? Nimelima saa ngapi? Shamba lote limekuwa pori. Mbuzi nimewauza, na binti yangu nimemtoa shule anishikie nyumba." Kisha akaweka ndoo chini. "Ila usije ukayasema mbele ya mzee. Ataona namsimanga, na mgonjwa ukimsimanga utamuua kabla ya siku zake."

Handeni tambarare, kwa Mzee Kuntai, ilikuwa hivyohivyo. Mbele ya mgonjwa, hakuna. Nje ya boma, ng'ombe wamepotea kwa kukosa mchungaji. Marehemu akaelewa kosa la mradi mzima. Watu wetu walikuwa wameulizwa mgonjwa akisikia, na hakuna mtu aliyelelewa vizuri, Mzigua, Msambaa au Mmasai, atakayemtajia ndugu yake mema anayomtendea.

Aliyapeleka hayo kwenye kikao. Aliomba familia ziulizwe upya, faragha. Kiongozi wa mradi alimjibu, "Dakta, wenyewe wamesema hakuna. Tunaandika walichosema. Sifuri."

"Hiyo sifuri ni adabu yao," alisema marehemu. "Ninyi mmeigeuza hesabu. Mkiiandika, wagonjwa watarudishwa nyumbani na hakuna atakayepeleka hata kilo ya unga kwa anayewauguza."

Aliambiwa muda umekwisha na wafadhili wanasubiri. Aliambiwa asaini, mkataba wake utaongezwa. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe, ambaye wakati huo hakuwa na kazi. Shemeji alifikiri kidogo, akasema, "Ukisaini tutakula. Usiposaini pia tutakula, ila mchicha." Kesho yake marehemu aliagiza jina lake litolewe kwenye ripoti. Mkataba haukuongezwa. Walikula mchicha ambao shemeji aliulima kando ya mto Pangani, na watoto wake wanaweza kushuhudia kwamba waliuchoka.

Hakukaa kimya. Kwa miaka miwili alizunguka vijiji hivi kwa nauli yake, akiuliza upya kisimani, shambani na zizini, akaandika alichokuta na kukichapisha kwa jina lake. Parokia mbili zilianza kupeleka unga kwa wanaouguza. Serikalini alipigiwa makofi akaambiwa asubiri. Ripoti ile bado ipo, ndugu zangu, na sifuri yake bado ipo. Wageni wetu wa mradi, tunawashukuru kwa shada. Marehemu angependa zaidi mngeifuta ile sifuri.

Mwezi Machi 1997 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, na ilipoonekana dawa hazisaidii tena, aliomba kurudi Mnyuzi, nikampokea kwangu. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani. Siku moja aliniuliza, "Elina, mimi nakugharimu nini?"

Nikamjibu, "Hakuna, dada."

Alikasirika mpaka akakaa mwenyewe, jambo ambalo alikuwa hajaliweza kwa muda. "Nimegombana na maprofesa, nimelisha watoto wangu mchicha, halafu mdogo wangu mwenyewe ananipa sifuri?"

Nikamwambia siwezi. Mdomo wangu hauwezi kumtajia hayo akiwa ananitazama. Alicheka, akakohoa, akasema, "Basi utayasema siku ya kunizika. Hapo sitakuwa nasikia, na watu watakuwa wengi." Nikamwahidi. Alifariki nyumbani kwangu Jumapili tarehe 6 Septemba 1998, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Marehemu ameacha mume, Bwana Eliasi Hoza, watoto wawili, Nehemia na Mkunde, mjukuu mmoja, wadogo zake watatu, na watu wengi wa Korogwe na Handeni ambao walipata kuulizwa naye swali kwa heshima.

Wapo wanaonikonyeza nimalize. Namaliza, lakini ahadi ni ahadi.

Kumuuguza dada yangu kulinigharimu misimu miwili ya mahindi. Meza yangu ya vitumbua pale stesheni imechukuliwa na mwingine, na wateja wangu wameshamzoea. Mgongo wangu hautanyooka tena. Mume wangu alikula kwa majirani mpaka akaona haya. Binti yangu aliahirisha harusi, na mchumba hakusubiri. Nililia nikiwa nafua, kwa sababu ndio wakati pekee niliokuwa peke yangu. Na ningeambiwa nianze tena kesho, ningeanza.

Mama zangu mnaoinama, inueni vichwa. Simsimangi. Namjibu.

Dada, umejibiwa. Lala sasa kwa amani ya Bwana.