Santina Acan, Mjane wa Siku Moja

Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Kyebando, wenzetu wa soko la Owino, nanyi wageni wawili mliosimama kule nyuma na miwani ya jua, ambao hatujapata bahati ya kuwafahamu, poleni nyote. Mimi ni Apio, wifi yake marehemu, na nimepewa kusoma historia hii kwa kuwa ndimi niliyemuuguza.

Santina Acan alizaliwa tarehe 4 Machi 1934 huko Kitgum, binti wa katekista Tarcisio, akasoma kwa masista hadi darasa la sita mwaka 1947, akatolewa shule ili kaka yake aendelee, na kaka huyo leo hatumwoni hapa.

Tarehe 19 Januari 1952 alifunga ndoa na kaka yangu Okeny, askari polisi, wakahamia Kampala, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakafariki wangali wachanga, akabaki Erinayo, aliye Nairobi, na sote tunajua kwa nini hawezi kuja kumzika mama yake.

Kazi yake ilikuwa kuuza siagi ya ufuta, kwanza barazani hapa, kisha Owino tangu mwaka 1971, na ukimwomba nyongeza alikuuliza kama shamba la ufuta ni la mama yako.

Tarehe 14 Septemba 1973, wakati wa chakula cha mchana, Okeny aliitwa kazini, gari likimngoja nje, akaacha sahani mezani. Hapa desturi inanitaka nitaje tarehe ya pili, ya kurudi au ya kufa, lakini sina, na mwenye nayo hajatuletea.

Februari 1976 marehemu alihisi uvimbe katika titi la kushoto. Wazee wameniomba niseme maradhi ya kifua, lakini wao hawakukiosha kidonda kile, mimi nilikiosha, na ilikuwa kansa ya titi. Daktari alisema likikatwa mapema atapona, ila hospitali ilitaka sahihi ya mume, au mkubwa wa ukoo aandike kwamba mume ni marehemu. Mkubwa wetu ni kaka yangu Ongom. Alijibu, "Nikiandika amekufa, wataniuliza nani ameua. Na maiti iko wapi?" Hofu hiyo siicheki, hata sasa ninayo. Santina mwenyewe alimpigia magoti, akasema, "Andika tu, shemeji, Okeny akirudi mimi nitamwomba radhi." Ongom alisema ukoo utakaa. Ukoo ulikaa Aprili, ukakaa Julai, ukala mbuzi wa Santina mara zote mbili, na ilipofika Oktoba daktari yule alikuwa amekimbia nchi kama wenzake.

Krismasi ya mwaka huo kidonda kilifunguka. Pamba haikuwepo, sabuni haikuwepo, nilichana kanga zangu, nikazichemsha, nikazianika ndani, na harufu ilipozidi watu wakawa wananisalimia kutoka barabarani. Nilikuwa na hasira naye pia, nakiri, kwa kuwa alikuwa akiniambia nipunguze chumvi kwenye maji ya kuoshea kidonda kana kwamba napika mchuzi, tukacheka, kisha nikatoka nje kulia. Alifariki tarehe 9 Juni 1978, saa moja asubuhi, nikiwa nimeshika kijiko cha uji.

Tunawashukuru madaktari, waliobaki na waliokimbia, wenzake wa Owino waliolinda meza yake mpaka jana, na jirani mmoja ambaye sitamtaja, aliyetuletea sabuni wakati hakuna sabuni, Mungu amfiche. Namshukuru pia kaka yangu Ongom, ambaye leo asubuhi, mbele yenu wote, amemwita marehemu mjane wa hayati Okeny, kwa sauti kubwa, mara mbili, wageni wale wawili wakisikia, wala hakuogopa, kisha akaeleza kwamba nyumba ya mjane hurudi kwa ukoo. Neno hilo Santina aliliomba kwa magoti ili aishi, akanyimwa, na leo limetolewa bure.

Wifi yangu, umekuwa mjane kwa siku moja, nayo ni siku ya kuzikwa kwako. Pumzika kwa amani, na ukimkuta Okeny huko, muulize tarehe.