Nusu Kidonge kwa Mignonne

Basi namba 71 lilikuwa halijafika kituo cha Flagey, nasi wenye Kiswahili tayari tulijua habari zote za presha ya Mignonne. Mama yake, mwanamke wa Bukavu mwenye kilemba cha njano, alikuwa akimsimulia jirani wa kiti, mgeni kabisa aliyevaa sare ya nyumba ya wazee.

"Infirmière, muuguzi wa shule, alipima batoto yote ya masomo, maman. Batatu tension iko juu, na bote ni beusi betu! Wangu ana onze ans, myaka kumi na moja tu! Lakini nilishamutunza. Mama yangu iko na dawa yake ya tension, basi nakata kinini mu mbili, namupa nusu kila asubui."

Mwenye sare akasimama basi likienda. "Dawa ya muzee kwa mutoto? Docteur alikuambia?"

"Docteur anapana rendez-vous, siku ya kumuona, ni ya mwezi yenye kuya! Miye ningoje?"

Ningechangia, ila mimi mwenyewe hunywa vidonge vya mke wangu.

"Na leo aliamuka namna gani?" mwenye sare akauliza.

"Bon, alisema kichwa kinamuzunguka. Nikamwambia ni uvivu, hataki gymnastique, ile mazoezi ya masomo."

"Ile si uvivu, maman, ni dawa!" mwenye sare akasema. Mikono yao ikagongana kwenye kengele. Basi liliposimama, kilemba cha njano ndicho kilichotangulia kukimbia kuelekea shuleni.