Mzee Tumainieli Mbwambo, Mpiga Pembe wa Ndivani

Mzee Tumainieli Eliezeri Mbwambo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ndivani, mtoto wa tatu wa marehemu Eliezeri. Kwa wageni mliopanda kwa miguu leo: Ndivani ni hizi kaya kumi na tisa juu ya Gonja, zilizoanzishwa na babu yake, aliyechimba ndiva, hilo bwawa la kumwagilia mashamba mliloliona njiani. Jina limetoka hapo. Kwenye ramani hamtaliona.

Alimaliza darasa la saba Gonja mwaka 1966, akishuka na kupanda kila siku. Baadaye alilima tangawizi na maharage, na tangu 1979 ndiye aliyepiga pembe ya kuita watu kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Pembe ikilia, mtu anaacha chungu jikoni.

Tarehe 23 Oktoba 1976 alimwoa Koleta wa Kisiwani. Mama yetu anasema alipofika mara ya kwanza aliuliza, "Tumainieli, huku kweli kuna watu?" Akajibiwa, "Wapo wengi, mke wangu, ila wana kazi."

Agosti 1994 ukuta wa ndiva ulipasuka. Marehemu akapiga pembe, sote tukakimbilia bwawani na majembe. Asubuhi hiyo hiyo alipita karani wa kuorodhesha vitongoji. Akakuta kuku na milango iliyofungwa, akaandika kwamba hapakaliwi, akashuka. Hatukuorodheshwa, na barabara haikuja.

Marehemu aliandika barua za kuomba tuorodheshwe kwa miaka thelathini. Kila mgonjwa aliyeteremshwa kwa machela, yeye alishika mti wa mbele, hata alipofika umri wa kupumzika. Vijana wakimwambia, "Mzee, tuachie," alijibu, "Mimi ndiye niliyewatoa majumbani siku ile."

Aliugua moyo tangu 2019. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, kifua kilimbana, vijana wakambeba. Njia nzima alikuwa akiwaambia, "Nisameheni wanangu, nawachosha." Mimi Jesca, bintiye, nilimshika mkono nikasema tu, "Baba, nyamaza, tunakaribia." Hatukuwa tunakaribia. Alifariki saa nne kasoro, kabla hatujaifikia barabara ya Gonja. Neno lile la kumnyamazisha linaniuma mpaka sasa.

Ameacha mjane, Koleta, watoto watatu, Jesca, Godwin na Rodrick, wajukuu saba, na kaya kumi na tisa ambazo bado hazimo kwenye orodha yoyote.

Jana wana-Ndivani walikaa, wakaniomba niliandike hili na nilisome kwa sauti. Baba, kosa halikuwa lako. Bila pembe ile maji yangebeba nyumba za chini. Hakuna hata mmoja wetu aliyekulaumu. Ni kwamba kwa miaka thelathini kila mtu alidhani mwenzake ameshakuambia.

Lala kwa amani, baba. Tusamehe sisi.