Ndugu Mwinshehe Twalibu na Neno Alilosema Soga

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Mwinshehe Twalibu, Ofisa Usalama wetu hapa Kibaha, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa tuliajiriwa pamoja Kisarawe, na nafasi yake naichukua mimi. Walioniomba hawakujua ninavyomwonea wivu.

Tulianza kwa kuchangia baiskeli moja ya ofisi. Nikienda mimi kijijini, napewa kiti na majibu mafupi. Akienda yeye, ambaye mpaka leo hajui kufunga tai, anarudi na mihogo, habari zote za kijiji na mwaliko wa harusi.

Ulipoandaliwa muswada wa kupanga upya idara za usalama na kuimarisha ulinzi wa ndani, wakubwa walikuja kijiji cha Soga kusikiliza maoni. Mzungumzaji nilikuwa mimi. Hotuba niliiandaa wiki nzima, na makofi niliyapata. Kisha akasimama mama mmoja, Mwanne, akaeleza kwamba mumewe, Salehe, yuko mahabusu kwa sababu jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba alinong'ona kuwa anawahifadhi maadui wa nchi. Mgeni mmoja akamwamuru akae. Hapo Mwinshehe akanyanyuka bila kuitwa.

"Mheshimiwa, sheria hii iseme kwamba mtu hakamatwi kwa mnong'ono wa mtu mmoja. Salehe namfahamu. Kama yeye ni adui, nifungeni naye."

Tulidhani kazi yake imekwisha. Salehe alichunguzwa, akaachiwa wiki ileile. Mwinshehe akahamishiwa kusimamia ghala la pembejeo, akaenda huku anacheka. Sheria ilipotoka, maneno yake hayakuwemo. Lakini aliporudishwa ofisini aliyafanya kuwa utaratibu wetu: mwenye kumtuhumu mtu aje aseme mbele ya mtuhumiwa mwenyewe. Minong'ono ikapungua sana. Hotuba yangu haikumbukwi na yeyote. Hata mke wangu Adventina, aliyekaa mstari wa mbele siku ile, anayoyasimulia ni ya Mwinshehe.

Juzi mzee mmoja wa Misugusugu alileta shauri lake. Nikamweleza kwamba sasa atazungumza nami. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, halafu akauliza Mwinshehe anakaa nyumba ipi.

Ndugu Mwinshehe, ahsante kwa utumishi uliotukuka. Wewe na mkeo, Bi Mboni, tunawatakia afya njema na maisha marefu huko Sofu. Upweke usiuogope: wageni watakuja, na njia nawaelekeza mimi mwenyewe.